Vibuyu Vilivyofudikizwa

Majira haya ya baridi magoti yangu yamenisumbua kuliko miaka iliyopita, na sikuwa nimemwambia mtu ila Mungu. Lakini kanisani wanawake huona jinsi mwenzao anavyoinuka kwenye kiti. Jumapili moja dada mmoja wa Ghana, anayehudumia wazee katika nyumba moja kule St. Louis Park, hapa Minnesota, alinishika mkono baada ya ibada akanipa kopo la mafuta lililofungwa ndani ya mfuko. "Mama, paka unapolala, halafu vaa soksi ndefu," aliniambia. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani kwetu Brooklyn Park na kufungua kifuniko, mjukuu wangu, aliyekuwa mezani na kazi zake za shule, alikunja pua akalalamika kwa Kiingereza kwamba nyumba nzima inanuka moshi. Kweli yalinuka moshi, na karanga zilizoungua kidogo, na chini yake harufu nyingine nzito kama ya maziwa ya mgando. Nilikaa na kopo lile mapajani hadi binti yangu aliporudi kutoka zamu, akaniuliza kama naumwa.

Nilimwambia siumwi. Nilikuwa mbali tu. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, miguu imejaa vumbi jekundu, kwenye mbuga za kaskazini mwa Ghana, na mama yangu mzazi alikuwa hai, amekaa chini shambani mbele ya ng'ombe.

Baba yangu alikuwa Msukuma, na kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa plau. Alikuwa bwana shamba wa kanisa. Aliwafundisha vijana kuzoeza maksai, kufunga nira na kulima mstari ulionyooka kiasi kwamba ungeweza kuutazama kutoka mwanzo hadi mwisho kama uzi. Kanisa letu lilikuwa na ndugu katika imani kule Ghana, ambako wakulima walilima kwa jembe la mkono, na matrekta waliyopewa na wafadhili yalikuwa yameharibika na kuachwa yakaota nyasi. Waliomba Mwafrika anayejua ng'ombe. Baba na mama walisali juu ya jambo hilo, wakakubali, nasi tukaenda watatu, kwa sababu wadogo zangu walikuwa hawajazaliwa.

Nchi ile ilifanana na kwetu kiasi cha kumpotosha mtu. Tambarare ile ile, mtama ule ule, ng'ombe wenye nundu, nyumba za udongo, na upepo mkavu unaopasua midomo. Asubuhi ya kwanza baba alisimama mlangoni akasema, "Mama Milembe, hapa ni nyumbani." Tofauti aliyoiona ilikuwa moja. Katikati ya kila shamba ilisimama miti, mmoja hapa, mwingine pale, na watu walilima wakiizunguka. Kwetu Usukumani shamba lenye visiki ni aibu ya mwenyewe, kwa maana kisiki huvunja ulimi wa plau na kuumiza shingo ya ng'ombe. Baba aliwahurumia. Aliamini kwamba wale watu walikosa mashoka na nguvu, na kwamba Mungu amemleta awasaidie.

Watu wazima walimwita mwalimu, na watoto walimwita Baba Ng'ombe. Aliwazoeza maksai wawili kwa amri za Kisukuma, kwa kuwa hakujua lugha ya pale, na baada ya muda maksai wale wakawa wanaelewa Kisukuma kuliko mtu yeyote kijijini. Rafiki yangu Talata, ambaye umri wetu ulilingana, hakuchoka kunitania.

"Ng'ombe wa baba yako wanasali?" aliniuliza.

"Hawasali."

"Sasa mbona anaongea nao kama mchungaji?"

Nilijifunza lugha yao kwa kutaniwa hivyo. Nilishinda kwao mchana kutwa. Mama yake, Lamisi, alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa mafuta ya shea. Kila mwaka mvua zikishanyesha, matunda yalianguka kutoka kwenye mishea, ile miti ya mashambani. Aliyaokota alfajiri, akala nyama ya tunda, akachemsha kokwa, akazianika, akazibangua, akazikaanga, akazitwanga, kisha akakanda ule uji mweusi kwa mkono ndani ya maji hadi mafuta yakapanda juu meupe. Mikono yake iling'aa hadi kwenye viwiko. Kuta za nyumba yake zilinuka vile vile kama kopo nililoshika juzi.

Nilimwuliza Talata kwa nini mama yake hafanyi kazi nyingine, maana ile ilinichosha hata kuitazama. Talata alinijibu kama anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu. "Miti ikizaa, mama haolewi."

Baadaye nilielewa. Mume wake alipofariki, kaka wa marehemu, mzee aliyeitwa Atinga, alipaswa kumrithi. Lamisi alikataa. Mila ya pale haikumlazimisha mjane anayeweza kujilisha, na Lamisi alijilisha kwa mafuta. Ardhi ilikuwa ya Atinga, lakini matunda ya mishea iliyosimama kwenye sehemu ya marehemu yalikuwa ya Lamisi, kama yalivyokuwa ya mama wa marehemu kabla yake. Mwanamume angeweza kulima chini ya mti miaka yote asiguse kokwa moja. Jambo hilo halikuandikwa popote, na hakuna aliyefikiri kwamba mgeni anahitaji kuambiwa.

Sehemu ile ndiyo iliyochaguliwa kuwa shamba la mfano la mradi. Ilikuwa karibu na barabara, nzuri kwa wageni kuona. Baba alifanya kila kitu kwa heshima. Alikwenda kwa Atinga pamoja na mwinjilisti wetu, Yakubu, mwenyeji aliyewahi kusomea kwetu akajua Kiswahili, aliyekuwa akimtafsiria, akaeleza kwamba plau haiwezi kupita kwenye miti, akaomba ruhusa. Atinga alifikiri kidogo akasema, "Kata." Baba aliomba dua pale pale, akamshika mkono. Siku zilizofuata wanaume walikata nusu ya shamba. Mishea ilianguka ikiwa na matunda mabichi, ya kijani, mengi mno, na mbuzi wakaja kuyatafuna. Nusu ya pili ilisubiri mvua ilainishe udongo ili mizizi ing'oke vizuri.

Asubuhi moja baba akiwa shambani, wanawake walikuja kwetu. Walikuja kimya, kila mmoja na bakuli lake la kibuyu, wakaketi uani safu kwa safu, wakafudikiza vibuyu vyao, midomo chini, mbele ya magoti. Lamisi alikuwa wa mbele. Hakuna aliyesema neno. Mama alitoka akakausha mikono kwenye kanga, akawasalimu kwa maneno machache aliyoyajua. Hawakuitika. Waliinamisha vichwa, nami nikadhani wamekuja kusali. Mama hakujua la kufanya, na Yakubu alikuwa amekwenda kijiji kingine.

Kwetu mgeni akija na chombo, hakirudishwi kitupu. Hayo ndiyo malezi ya mama, na ya mama yake. Aliona wanawake wenye vibuyu vitupu mwisho wa kiangazi, wakati maghala yamepungua, akaona njaa. Aliingia ndani, akatoka na gunia la karanga tulizoletewa na kanisa. Alianza na Lamisi. Alipiga goti kwa adabu, akakipindua kile kibuyu kwa mikono yake mwenyewe, akakijaza. Kisha mwingine, na mwingine, hadi gunia likaisha. Mimi nilimfuata nikiokota punje zilizomwagika, na kifua changu kilijaa fahari.

Lamisi alitazama karanga zile muda mrefu. Bibi mmoja mzee wa safu ya nyuma, jina lake Azuma, alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, kisha wakainuka wote, wakaondoka kama walivyokuja. Nilikimbia hadi shambani nikamwambia baba kwamba mama amelisha kijiji kizima. Aliniweka juu ya mgongo wa maksai, akasema Mungu atambariki mama yangu.

Yakubu alifika jioni tukiwa tunakula. Alikataa kuketi.

"Mama Milembe, nani alikuambia uvijaze?"

"Nani aniambie? Walikuja na vyombo vitupu."

"Walikuja kuweka deni." Alijifuta uso. "Wanawake wakifudikiza vibuyu mbele ya nyumba, maana yake nyumba hii imewanyima haki yao. Wangekaa hapo leo, na kesho, hadi mwalimu aje awaulize ni haki gani, mbele ya watu wote. Hapo wangesema habari ya miti. Atinga angelazimika kujibu. Lakini kibuyu kikipinduliwa na kutiwa kitu, na mwenyewe akakiondoa, wamelipwa. Neno hilo limefungwa."

"Kwa karanga?" mama aliuliza.

"Kwa karanga."

"Kwa nini hawakuzikataa?"

"Umepiga goti, mama. Umepiga goti mbele ya mjane, wewe mke wa mwalimu. Angemwagaje chakula cha mtu aliyepiga goti?"

Mama hakula tena. Baba alisema kwamba alipewa ruhusa na mwenye shamba, na kwamba hakuna aliyemwambia habari ya miti. Yote mawili yalikuwa kweli. Yakubu alitikisa kichwa, akatuambia habari nyingine: Atinga alikuwa amefurahi sana, na kesho angemletea baba kanga wawili wa kufuga.

Kanga wale walikuja kweli. Siku hiyo hiyo Talata alinikuta kisimani. Hakunitania. Aliniambia Atinga, shemeji wa mama yake, ameshaleta mkeka wa kumrithi mama, ameuegemeza ukutani kwao, na shamba likishalimwa lote watahamia kwake. Au mama yake atakwenda kusini mjini, kubeba mizigo ya watu kichwani, na yeye Talata atabaki. Nilimwambia, kwa kumfariji, kwamba mama yangu amewapa karanga nyingi. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeongea usingizini.

Siku zile nyumbani kwetu sauti zilikuwa chini. Ninyi mliolelewa na wazazi wacha Mungu mnaijua sauti hiyo ya chini; ni mbaya kuliko kelele. Mama alimwomba baba aiache nusu ya pili. Baba alisema wageni wa mradi watakuja mvua zikishika, na wameahidiwa shamba zima, lililonyooka. Alisema atampa Lamisi mbegu bora. Yakubu, alipoulizwa, alisema mjane hana pa kuzipanda. Baba alisema atasali. Naye alisali, namshuhudia. Nilimsikia nje ya nyumba akiomba kuonyeshwa njia. Hakuwa mtu mgumu. Lakini alikuwa ameomba ruhusa kwa mtu mmoja akapewa, na hakuona jinsi ya kumrudia mtu yule yule na kumwambia kwamba ruhusa yake haitoshi.

Mvua ikanyesha. Asubuhi iliyofuata udongo ulinuka vizuri, na wanaume wenye mashoka walikuwa wamefika kabla yetu. Baba alifunga maksai, akaanza na nusu iliyokwisha kusafishwa, wakati wale wengine wakinoa. Plau ilikata udongo kama mkate. Atinga alisimama kando na fimbo yake, akitabasamu. Mimi nilikuwa pembeni na Talata.

Ndipo nikamwona mama. Alikuja kwa njia ya kisimani akiwa na kibuyu chetu cha kuoshea mchele, kile alichokinunua sokoni tulipofika. Alivuka matuta mapya, miguu ikizama, akafika mahali ambapo shamba lililosafishwa lilikutana na miti iliyobaki, akaketi chini kwenye udongo mbichi, mbele ya ng'ombe, akakifudikiza kibuyu.

Baba aliwasimamisha maksai kwa Kisukuma. Hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

"Mama Milembe, inuka," alisema. "Watu wanatazama."

Mama hakujibu. Alikuwa amejifunza: aliyeketi hasemi, ni lazima aulizwe jambo lake.

Atinga alikuja haraka, akaongea na Yakubu kwa hasira. "Huyu si wa hapa. Mila hii si yake."

Bibi Azuma alikuwa amekwisha kufika na kijiti chake cha mswaki mdomoni. "Kibuyu ni cha hapa," alisema. "Nilimuuzia mimi."

Watu wengine walicheka, na wanawake wakaanza kusogea kutoka kila upande, wakasimama nyuma ya mama. Lamisi hakuwa miongoni mwao. Alisimama mbali, mlangoni kwake, amekunja mikono.

Baba alitoa mfukoni mbegu za karanga, akainama, akakipindua kibuyu, akazitia ndani. Mama aliziangalia. Kisha akakiinamisha kibuyu taratibu, zikamwagika kwenye mfuo wa plau, akakifudikiza tena. Sijapata kumwona mama akikataa kitu kutoka mkono wa baba, si kabla ya siku ile wala baada yake. Nilianza kulia. Nilidhani mama amemwacha baba, na kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoachana kule.

"Utaweka nini, mwalimu?" Azuma alimwuliza. "Karanga alikuwa nazo, akazigawa."

Yakubu alitafsiri kwa sauti ndogo. Baba alisimama pale, jasho likimtiririka, maksai wakipumua nyuma yake. Alimtazama Atinga, akaitazama ile miti. Kisha akamgeukia mama akamwuliza kwa Kiswahili, na Yakubu hakuhitaji kutafsiri maana watu walielewa uso wake, "Unadai nini?"

"Miti iliyobaki," mama alisema. "Ya mwanamke ambaye mimi nilimnyang'anya neno lake."

Baba alikwenda nyuma ya ng'ombe. Aliinama, akafungua mnyororo unaounganisha nira na plau, akaukusanya mkononi, mzito, umejaa udongo. Alirudi, akapiga goti kwenye matope na suruali yake ya kazi, akakipindua kibuyu, akauweka mnyororo ndani. Kibuyu kilipasuka ukingoni kwa uzito. Mama alikibeba kwa mikono miwili, akainuka, akaondoka nacho. Bila mnyororo plau ni chuma tu. Wenye mashoka walingoja kidogo wakimtazama Atinga, na Atinga alimtazama Azuma na wanawake waliokuwa nyuma yake. Hatimaye aligeuka akaenda zake, na wenye mashoka nao wakatawanyika.

Wageni wa mradi walikuja wakaona nusu shamba lililonyooka na nusu lenye miti. Walikuwa wapole. Walimsikiliza baba, wakasema wanaelewa, na muda si mrefu ikaja habari kwamba mkataba wake hautaendelea. Tulirudi Tanganyika yetu kabla ya mavuno. Baba hakumlaumu mama hata siku moja, wala hakumsifu. Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani mwisho wa maisha yake, alimwambia mchungaji kwamba amefundisha plau katika nchi mbili na katika mojawapo alijifunza kuisimamisha. Ninamshukuru Mungu kwa baba yule. Najua pia kwamba miti iliyoanguka ilikuwa mingi kuliko iliyobaki, na kwamba mshea huchukua karibu maisha ya ujana wa mtu kabla haujazaa tena. Nikisali hapa Minnesota kuwaombea wanaotumwa kwenda kusaidia watu wasiowajua, akiwemo mjukuu wangu anayetaka kusomea mambo hayo, huwa nakaa kimya kidogo kabla ya kusema amina.

Kabla hatujaondoka Ghana, Atinga alikuja kuuchukua mkeka wake. Lamisi alibaki kwenye nyumba yake na Talata. Lakini hakuja kwetu, na alipokutana na mama njiani alipita bila kuitika salamu. Jambo hilo liliniuma. Nilimwuliza mama kwa nini yule mwanamke hashukuru.

"Ashukuru nini?" mama alisema. "Amebakiwa na nusu ya kilichokuwa chake."

Matunda yalipoanza kuanguka mama aliniamsha alfajiri, tukaenda kwenye ile miti. Lamisi alikuwa ameshaanza, ameinama na beseni lake kubwa. Mama alisalimu. Lamisi hakuitika. Mama aliinama chini ya mti ule ule, akaanza kuokota, akawa anatia kwenye beseni la Lamisi, naye Lamisi akawa anaokota upande wake kama vile hatupo. Tuliendelea hivyo hadi jua likachomoza na kivuli cha mti kikatufikia.

Kisha Lamisi alitia mkono ndani ya beseni, akatoa matunda mawili aliyoyatia mama, akayatupa kwenye nyasi.

"Haya yameliwa na funza," alisema. "Tazama chini yake kwanza."

"Ndiyo, dada," mama alisema, akalichukua jingine, akaligeuza chini yake, akalitazama.